Shimo Jeusi Lisilozaliwa na Nyota

Mama anayechambua mchele akiona punje ya mtama katika ungo, anajua mara moja kwamba haikutoka katika mpunga. Hoja nyepesi kama hiyo ndiyo inayowaongoza wataalamu wanaotafuta kitu ambacho bado hakijathibitishwa: mashimo meusi madogo yaliyozaliwa pamoja na ulimwengu wenyewe.

Shimo jeusi tulijualo ni mabaki ya nyota kubwa iliyoishiwa na nishati yake, ikajiporomokea mpaka hata nuru haiwezi kuponyoka humo. Nyota ifapo hivyo haiachi shimo lenye uzito uliopungua ule wa Jua. Lakini mwaka 1971 Stephen Hawking wa Uingereza alieleza kwamba ulimwengu ulipoanza, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita, sehemu zilizosongamana mno zingeweza kugeuka mashimo meusi pasipo nyota yoyote. Hayo yangeweza kuwa madogo sana: lenye uzito wa dunia yetu nzima halizidi upana wa sentimita 2.

Basi kitu hicho, kisichotoa nuru, kitajulikanaje? Hakionekani, bali husikilizwa. Mashimo mawili yakizungukana hata yakagongana, hutikisa anga lenyewe, na mtikiso huo huenea kama mawimbi ziwani. Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, vyenye mikono ya kilomita 4, vilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mashimo mawili, moja likiwa na uzito wa Majua kama 36 na la pili 29. Urefu wa mikono ile ulibadilika kwa kadiri ndogo mno kuliko kiini cha atomu.

Mashimo madogo yana sauti hafifu zaidi, ingawa hudumu kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana yanatakiwa masikio makubwa. Ulaya inakusudia kujenga Einstein Telescope chini ya ardhi, mbali na mitetemo ya juu; Marekani nako kuna mpango wa Cosmic Explorer, wenye mikono ya kilomita 40. Shimo moja tu lenye uzito wa nusu ya Jua, likithibitika, litakuwa ile punje ya mtama.

Huenda ukauliza haya yatufae nini. Nilipokuwa nikifundisha, mtoto mmoja alitaka kujua ulimwengu umeundwa kwa kitu gani. Nilimjibu: nyota na sayari. Jibu lile lilikuwa pungufu, kwani zaidi ya sehemu nne kati ya tano za maada yote haionekani, na hakuna ajuaye ni nini. Pengine baadhi yake ni mashimo hayo, pengine sivyo. Mwanao akikuuliza jioni ya leo, usimfiche kwamba watu wazima nao wangali wanatafuta.