Hifadhi ya Malindi Huanzia Thika

Ikitajwa hifadhi ya wanyama, mkazi wa Kiandutu mjini Thika aghalabu hukumbuka Kilimambogo, mlima wa nyati uliotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1967. Ni nadra kumpata anayeikumbuka Malindi. Hata hivyo, uhai wa hifadhi ile ya bahari hutegemea kwa kiasi kikubwa yanayotendeka Ruiru, Thika na viunga vyake, na sera inayolinda ufuo huku ikiusahau mto ni nusu ya sera.

Mito ya Ruiru na Ndarugu hupeleka maji yake Athi. Athi huporomoka pale Fourteen Falls chini ya Kilimambogo, ukapita Ukambani, ukakutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Mto mmoja, majina matatu! Pengine wingi huo wa majina ndio uwafanyao watu wa bara na wa pwani wasijue kuwa ni majirani. Mto Thika wenyewe, ukiisha kuungana na Chania, hushika njia ya Tana, lakini nao mwisho wake ni bahari ile ile, huko Kipini.

Hifadhi ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua pamoja na Watamu kuwa eneo la uhai la kimataifa. Kwenye mlango wa Sabaki heroe husimama makundi kwa makundi, na viboko hujizamisha karibu na mahali maji baridi yanapokutana na ya chumvi. Kusini mwa mji kuna matumbawe, kasa na samaki wa kila rangi. Tumbawe huhitaji mwanga. Msimu wa mvua maji ya Sabaki huwa mekundu kwa udongo. Kusi huusukuma udongo huo kaskazini, mbali na matumbawe, lakini kaskazi ikivuma huurudisha kusini na kuyafunika. Hakuna mlinzi wa mbuga awezaye kuukamata upepo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, ulionyesha kwamba udongo utokao bara ulianza kuongezeka mapema katika karne ya 20. Huo ndio wakati walowezi walipokuwa wakifyeka nyanda za juu ili kufungua mashamba makubwa. Yaani historia ya ardhi ya bara imeandikwa ndani ya jiwe la bahari, na haikuandikwa na maskini.

Kwa hiyo si haki kumtwika mkazi wa Kiandutu lawama. Mtaa huo, ambao jina lake latokana na ndutu, yaani funza kwa Kikuyu, umeishi miaka mingi bila mabomba ya kutosha ya majitaka. Asiyejengewa choo hawezi kuhubiriwa habari za kasa. Wanaostahili kuulizwa kwanza ni wenye machimbo ya mawe, wenye viwanda na wenye mashamba yanayolimwa hadi ukingoni mwa mto, pamoja na serikali zinazowatazama.

Sheria haikosekani. Ile ya Maji ya mwaka 2016 inautazama mto kwa bonde lake zima, na jumuiya za watumiaji maji zipo kisheria. Kinachokosekana ni kikao kimoja ambamo mvuvi wa Malindi anaweza kumuuliza mwenye machimbo ya Ndarugu kuhusu tope lililomfikia wavuni, na ambamo mabomba ya majitaka ya Kiandutu yanaingizwa katika bajeti ya kuhifadhi bahari, karibu na mashua za doria.