Mgawo wa maziwa: Miteja tuandikiane mapema

Wafugaji waliohamishwa Ihefu mwaka 2006 na 2007 waliingia Kilwa na ng'ombe wao. Mfanyabiashara wa Miteja anayetaka kukusanya maziwa ajiulize kabla ya kununua madumu: masika maziwa yakizidi, hasara ni ya nani?

Kenya ilijibu kwa mgawo. KCC iliwapa bei nzuri wenye mgawo, hasa mashamba makubwa, hadi mfumo ulipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ulaya iliweka wake 1984, ukadumu hadi 2015. Huko mfugaji mmoja wa Uholanzi alikuwa amelipwa na Jumuiya yenyewe asiuze maziwa miaka 5. Aliporudi sokoni akanyimwa mgawo, eti 1983 hakuuza kitu! Alishinda kesi 1988. Haki ya fidia ikaja 1992. Ng'ombe hawangoji hukumu, lakini angalau ahadi aliyopewa ilikuwa ya maandishi.

Kwetu maziwa huuzwa kwa kuaminiana. Mkusanyaji na mfugaji waandikiane lita za masika na za kiangazi, bei ya kila msimu, na nani abebe yanayochacha. Mwenye mtaji aombe kuona mkataba huo kwanza, ndipo atoe fedha.