MSAFIRI NI AMANA: TUZITAZAME BIASHARA ZA HUDUMA IKWIRIRI

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema hadi siku ya Kiyama. Amma baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tukilisikia neno dini, fikra zetu hukimbilia swala, funga na hija. Hizo ni nguzo, na hakuna anayezipinga. Lakini sehemu kubwa ya siku ya Muislamu hupita sokoni, dukani, ndani ya gari na mezani kwa muuza chakula, na huko nako kuna halali na haramu, kuna thawabu na dhambi. Leo tumekusudia kuitazama hali ya huduma katika mji wa Ikwiriri, wilayani Rufiji, mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu na ambao sehemu kubwa ya riziki yake hupita barabarani.

Mji wa njiani

Wazee wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya daraja. Msafiri aendaye Kilwa, Lindi au Mtwara alifika ukingoni mwa mto Rufiji akangoja kivuko cha Ndundu. Mto ukijaa, au kivuko kikiharibika, hesabu yote ya safari ilivurugika. Wakati wa masika barabara ya kusini ilikuwa haipitiki kabisa kwa vipindi virefu. Abiria wa zama hizo alikuwa kama mfungwa wa mto. Alikula kilichopo kwa bei aliyotajiwa na akalala palipopatikana.

Mwezi Agosti mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa, ambaye sasa ni marehemu, alilifungua daraja lenye urefu wa karibu mita 970, likapewa jina lake. Miaka iliyofuata lami nayo ikakamilika kati ya Ndundu na Somanga. Ilikuwa neema kubwa kwa watu wa kusini. Kwa mfanyabiashara wa Ikwiriri, hata hivyo, jambo moja lilibadilika ambalo pengine wengi hawakulizingatia, nalo ni kwamba mteja alipata hiari. Basi linaweza kusimama Ikwiriri, linaweza kusimama Kibiti, linaweza kupita moja kwa moja hadi ng'ambo ya mto. Mji ambao zamani ulikuwa na wateja kwa nguvu ya maji, leo unao kwa nguvu ya uaminifu tu.

Kwa hiyo suala la huduma mbaya haliishii kwenye adabu peke yake. Linagusa ada ya watoto shuleni, kodi ya chumba cha mama lishe na mtaji wa kijana mwenye bodaboda. Mwaka 2017, mauaji yalipozitikisa wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga na bodaboda kupigwa marufuku usiku, tuliona jinsi biashara inavyonyauka hofu inapomfukuza mpita njia. Hofu ile iliondolewa na vyombo vya dola. Hofu ya kupunjwa haiondolewi na askari; huondolewa na wenye biashara wenyewe.

Mambo anayokutana nayo mteja

Sisi tumepita njia hiyo mara nyingi, na haki inatutaka tuanze na mazuri. Ikwiriri ina mchele wa bonde la Rufiji, ina kambale na perege wa mtoni, na kamba wa delta hawako mbali. Tumekula kwa mama lishe aliyekaa chini ya turubai, sahani imejaa, maji ya kunawa yamewekwa na sabuni yake, na bei imetajwa kabla hatujaketi. Siku moja tulikwishaondoka hatua nyingi, akamtuma mtoto atukimbilie na chenji tuliyoisahau. Mwanamke yule hana kibao wala meza ya kioo, lakini ana kitu ambacho Mtume (S.A.W.) alikisifu kwa wafanyabiashara, nacho ni ukweli.

Tumeyaona pia mengine. Katika hoteli moja tuliagiza wali kwa samaki bila bei kutajwa. Tulipomaliza tukaambiwa shilingi 6,000, na mwenyeji aliyeketi meza ya pili, aliyekula chakula kile kile, akalipa 3,000 mbele ya macho yetu. Tulipouliza, tukajibiwa kuwa samaki wetu alikuwa mkubwa. Hatukuwa na mizani ya kumpima samaki ambaye tumekwishamla. Wengine wametusimulia habari za samaki wa jana aliyekaangwa upya na kusifiwa kuwa wa leo, za gesti iliyoahidi maji usiku kucha na mabomba yake yakakauka saa mbili, na za bodaboda aliyekubali nauli moja stendi kisha akadai nyingine mwisho wa safari.

Sheria yetu inasemaje juu ya bei?

Hapa yapaswa twende taratibu, kwani wapo wanaodhani kuwa kila bei kubwa ni haramu. Sivyo. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Hakukubali. Alieleza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kubana na kukunjua riziki, na kwamba alitaraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhulma. Mfanyabiashara ana haki ya kupata faida. Mchele ukipanda, sahani ya wali itapanda.

Kilichokatazwa ni kingine. Sura ya nne, An-Nisaa, aya ya 29, inakataza kuliana mali kwa batili, ikaacha biashara ya kuridhiana. Je, mtu anaridhiaje bei asiyoijua? Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyozoeleka katika pwani yetu, wameweka sharti kuwa bei ijulikane kwa pande zote mbili wakati wa kuuziana. Wako wanachuoni waliolegeza kwa vitu ambavyo desturi imekwishaviwekea bei, kama kikombe cha chai au andazi, kwa sababu kila mtu anaijua. Sahani ya samaki ambayo bei yake hupanda kulingana na lafudhi ya mlaji haimo katika ruhusa hiyo. Mwenye hoteli akimtajia mgeni bei kubwa mapema, naye akakubali, hana lawama. Akimnyamazia mpaka ashibe, kisha akamshitukiza, amekula mali ambayo mwenyewe hakuiridhia.

Ama samaki wa jana, hukumu yake ni bayana. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akatamka kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tuzingatie: mtu yule hakuitia maji nafaka yake. Mvua ilimpata kama ipatavyo yeyote. Kosa lake lilikuwa kuficha. Samaki wa jana aweza kuuzwa, maadamu ni salama, kwa jina lake na kwa bei yake.

Dereva anayekula bure

Lipo jambo jingine ambalo abiria wengi wa Tanzania wanalijua na wachache wanalijadili. Basi husimama katika hoteli fulani, dereva na konda wake huingia ndani, hula na kunywa bila kulipa, na abiria hubaki na dakika chache na bei za juu. Je, sahani ile ya dereva ni takrima au ni nini?

Udalali kwa asili yake ni halali. Anayemletea mfanyabiashara mteja anaweza kupewa ujira uliokubaliwa. Lakini dereva ni mwajiriwa wa mwenye basi, na abiria wamewekwa mikononi mwake kama amana. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi akisema kuwa hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akahoji kama mtu huyo angeipata zawadi ile lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Dereva na ajiulize swali hilo hilo. Ikiwa anasimama hapo kwa kuwa chakula ni safi, vyoo vinafaa na wanawake wanapata pa kuswali, basi amewatendea abiria wema, na kikombe cha chai hakitaharibu kitu. Ikiwa anapapita pazuri ili asimame pabaya kwa sababu ya sahani yake, basi abiria hamsini wamemlipia chakula bila kuulizwa. Hiyo ni hiana.

Siku za dhiki

Mtihani mkubwa wa muuzaji huja siku za shida. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwezi Mei mwaka huo mvua za Kimbunga Hidaya zikakata barabara ya kusini katika wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo muuzaji naye ameumia: mpunga wake umesombwa, mkaa umepanda. Kupandisha bei kwa kadiri ya gharama si dhambi. Lakini kumwona mama mwenye mtoto mchanga hana pa kwenda, ukazidisha bei mara tatu kwa sababu hiyo tu, ni kumfanya mnyonge kuwa mtaji. Mwenyezi Mungu amemtaja msafiri aliyekatikiwa na njia miongoni mwa wenye haki katika mali zetu (sura ya pili, aya ya 177). Ikiwa anastahiki sadaka, vipi asistahiki bei ya uadilifu?

Wafanyabiashara wa miji ya njiani wana funzo mahsusi katika kisa cha watu wa Madyan. Nabii Shuaib (A.S.) aliwaamrisha watimize vipimo na mizani na wasiwapunje watu vitu vyao, kisha akawakataza kukaa katika kila njia wakiwatisha watu (sura ya saba, aya ya 85 na 86). Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa walikuwa wakiwanyang'anya wapita njia mali zao. Haikuwafaa kuwa mji wao uko njiani.

Haki ya mhudumu na wajibu wa mteja

Tusimlaumu muuzaji peke yake. Binti anayetuletea chakula ni mtoto wa Muislamu mwenzetu. Ameamka alfajiri kuosha masufuria, na wateja wengine humwita kwa mluzi, humtania maneno yasiyofaa, humfokea kwa kosa la mpishi. Wapo wanaokula kwa deni mwezi mzima, kisha hubadili njia ili wasionekane na mama lishe. Huyo naye amekula mali ya mwenzake kwa batili, hata kama anaswali safu ya kwanza.

Na mwajiri anayemcheleweshea binti huyo ujira wake akumbuke hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi, naye asimlipe. Mhudumu asiyelipwa atakunja uso, na mteja atadhani kuwa watu wa mji mzima hawana ukarimu.

Vivyo hivyo kuhusu ahadi. Kila mwaka Idi inapokaribia, mafundi cherehani hupokea vitambaa kuliko uwezo wao, na neno la "njoo kesho" hurudiwa mpaka usiku wa kuamkia sikukuu. Mtoto huenda kuswali Idi na nguo ya zamani huku kitambaa kipya kimekunjwa kwa fundi. Qur'an Tukufu imetufundisha kuwa ahadi itaulizwa (sura ya 17, aya ya 34). Fundi mkweli husema mapema kuwa kazi imejaa, na mteja akaenda kwingine kwa amani.

Nini kifanyike?

Nchi yetu ina sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Wakala wa Vipimo husimamia mizani. Shirika la Viwango lilipokea kazi ya usalama wa chakula mwaka 2019. Risiti nayo ni ushahidi wa mteja. Lakini ofisi hizo haziwezi kuketi katika kila meza ya Ikwiriri.

Tunapendekeza mambo manne mepesi. Kwanza, kila hoteli na kila mama lishe aandike bei kwa chaki ukutani, bei moja kwa mwenyeji na mgeni. Pili, vijana wa bodaboda wakubaliane nauli za mitaa yote na kuzibandika stendi. Tatu, maimamu wetu wafundishe fiqhi ya biashara misikitini kama wanavyofundisha udhu, maana muuza chakula hujaribiwa mara nyingi zaidi kwa siku kuliko anavyotawadha. Nne, wazazi wamfundishe mtoto anayetumwa dukani kurudisha chenji iliyozidi, na wasimsifu kwa ujanja akirudi nayo. Muuzaji mwaminifu huanza kulelewa nyumbani.

Mteja naye aulize bei kabla ya kula, na akidhulumiwa alalamike kwa upole kwa mwenyewe, badala ya kuondoka kimya na kuutangaza mji mzima kwa ubaya. Na akihudumiwa vizuri, aseme pia. Imo katika Bukhari, kutoka kwa Jabir (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alimwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Dua hiyo inawahusu wote wawili, aliye nyuma ya jiko na aliye mbele ya sahani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki za ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, awalipe waliopotelewa na mali zao kwa mafuriko, na atujaalie sote kula halali na kulisha halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.