Mwajiriwa au Mkandarasi? Istilahi katika Programu za Mishahara

Neno "kibarua" lina historia ambayo watunzi wa programu za kompyuta wangefaidika kuijua. Kwa asili ni udogo wa neno "barua": kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha alipokwenda kulipwa. Baadaye jina hilo likahamia kwenye kazi yenyewe, na hatimaye kwa mtu aliyeifanya. Kumbukumbu ya malipo ikawa ndiyo utambulisho wake. Makala haya yanadai kwamba jambo hilo linatokea tena, safari hii ndani ya kompyuta, na kwamba wanaisimu hawana budi kulishughulikia.

Kampuni changa yenye watu watano au sita aghalabu haina mhasibu wa mishahara. Hutegemea programu ikokotoe kodi na makato. Tuseme kampuni hiyo iko London nayo inamtaka mtaalamu aliyeko Dar es Salaam. Mwenye kampuni hutakiwa achague neno moja: mwajiriwa au mkandarasi. Akichagua la kwanza, atalazimika kushughulikia kodi ya mapato ya kila mwezi, pamoja na mchango wa NSSF wa asilimia 20 ya mshahara, ambao nusu yake tu ndiyo inayoweza kukatwa kwa mfanyakazi. Akichagua la pili, majukumu hayo humwondokea, na mtaalamu hubaki bila akiba ya uzeeni.

Yawezekana kujibu kwamba hayo ni makubaliano ya hiari, tena mtaalamu hupata fedha nyingi zaidi mkononi. Hoja hii ina uzito, kwani wapo wenye wateja kadhaa na wanaojipangia saa zao. Hao ni wakandarasi kwelikweli. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, kifungu cha 61, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hata mkataba uwe na umbo gani, endapo kwa mfano saa zake za kazi huongozwa na mwingine, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani sheria hutazama kazi inavyofanyika, ilhali programu hutosheka na neno lililochaguliwa.

Tatizo huzidi katika Kiswahili. Kwa wasemaji wengi mkandarasi ni mjenzi wa barabara na majumba. Msanifu wa programu akiitwa hivyo, neno halimdokezei kwamba amepoteza likizo ya malipo na mchango wa mwajiri. Ninapendekeza "mtoa huduma wa kujitegemea", kwa kuwa neno "kujitegemea" linamwuliza msomaji swali linalostahili: je, kweli najitegemea?

Aidha, programu ianze kwa maswali kabla ya kutoa jina: nani hupanga saa, vifaa ni vya nani, je, kuna mlipaji mwingine? Maswali hayo, pamoja na hati ya mshahara, yapatikane kwa Kiswahili. Istilahi kama "mshahara ghafi" na "makato ya kisheria" tunazo tayari. Kilichobaki ni idara zetu na BAKITA kukaa na watunzi wa programu kabla majina hayajazoeleka, kwani jina likishazoeleka halibanduki kwa urahisi. Kibarua ni ushahidi.