Damu Inayoganda: Tuseme Ukweli Wote

Nusu ya kweli ni mbaya kuliko uwongo mtupu. Uwongo hukamatwa upesi, bali nusu ya kweli huingia barazani na kukaribishwa kahawa. Tangu mwaka 2021 yapo maneno yaliyoenea mijini na vijijini: ati chanjo ya korona hugandisha damu. Wasemao hivyo hawakuzua yote. Lakini lipo wanalolinyamazia, nasi leo twalisema.

Korona yenyewe hugandisha damu, tena sana. Wengi waliudhani ni ugonjwa wa mapafu tu. Mwaka 2020 madaktari wa Uholanzi waliwatazama wagonjwa mahututi 184 katika hospitali tatu. Katika kila 100, wapatao 31 walidhurika kwa kuganda damu, ingawa wote walikuwa wakipewa dawa ya kuzuia jambo hilo. Wengi wao bonge la damu liliziba mishipa ya mapafu.

Huu si uchawi. Kirusi kikiingia mwilini, kinga ya mwili huamka kupigana. Vita ikizidi ukali, kuta za ndani za mishipa huumia. Hapo damu, ambayo kazi yake ni kuziba jeraha, huganda ndani kwa ndani. Bonge la mguuni huuvimbisha mguu. Likisafiri hadi mapafuni hukata pumzi. Likiziba mshipa wa kichwani huleta kiharusi.

Sasa tupime kwa mizani. Mwaka 2021 wataalamu wa Uingereza walitoa hesabu za watu zaidi ya milioni 29 waliopata chanjo ya kwanza. Kwa kila watu milioni 10 waliochanjwa ya AstraZeneca, ile iliyotolewa Kenya kuanzia Machi 2021, waliongezeka wagonjwa 66 wa mabonge katika mishipa irudishayo damu moyoni. Kwa kila watu milioni 10 walioambukizwa korona, waliongezeka 12,614.

Hatusemi wale 66 si watu. Walikuwa watu, na ndiyo maana nchi kadhaa za Ulaya ziliacha kuwapa vijana chanjo hiyo. Lakini amwonyaye mwenzake juu ya 66 akanyamaza juu ya 12,614, huyo hamwonyi; ampoteza.

Je, dawa ipo? Ipo, tena ya zamani. Heparini iligunduliwa mwaka 1916. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kipimo chake kikubwa huwafaa wagonjwa waliolazwa ambao hawajawa mahututi. Kwa aliyekwisha kuwa mahututi hakikuonyesha faida. Basi kuchelewa kufika hospitali ni kuikimbia dawa.

Wala asije mtu akakudanganya umeze aspirini nyumbani ukadhani umejikinga. Uingereza iliijaribu kwa wagonjwa wa hospitali karibu 15,000: haikupunguza vifo, bali iliongeza kidogo kutoka damu. Lakini aliyepewa na daktari kwa ajili ya moyo wake asiiache kwa kusoma maneno haya.

Wako wasemao ugonjwa umekwisha. Kilichokwisha Mei 2023 ni dharura iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani, kirusi hakikuondoka. Na uchunguzi wa Sweden uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hatari ya bonge la mapafuni hudumu hata miezi 6 baada ya kuugua.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, heparini isiwe mali ya hospitali za miji mikubwa tu. Ifike wilayani, pamoja na watu wanaojua kuitumia. Pili, kila mgonjwa anayeruhusiwa kurudi kwake aambiwe wazi, kwa lugha anayoielewa: mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikichoma, pumzi ikikatika ghafula, usingoje asubuhi. Nenda hospitali.

Maneno hayo hayagharimu hata senti moja. Kuyanyima ndiko kunakogharimu maisha ya watu.