Saa Ishirini na Nne za Mwanzo

Kila muhula hutokea mwanafunzi anayeniuliza, aghalabu baada ya kipindi na kwa sauti ya chini, iwapo mtu aweza kukiamini kitabu cha Mwanzo na papo hapo akakubali kwamba dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Ameambiwa achague moja. Mimi naona ametegwa kwa swali ambalo matini yenyewe haiulizi.

Tuitazame matini hiyo. Jua, mwezi na nyota vinaumbwa siku ya nne. Jioni na asubuhi za siku tatu zilizotangulia zilipimwa kwa kitu gani? Wanasayansi wa leo hawakulibuni swali hili. Origen wa Aleksandria alikwisha kuliuliza katika karne ya 3, na Augustino, askofu wa Hippo, akahitimisha kuwa siku zile hazikuwa kama hizi zetu. Ni kweli kwamba Basili wa Kaisaria alizihesabu kuwa siku za kawaida, na alikuwa msomi asiyebezwa. Lakini Kanisa liliwaheshimu wote wawili. Ile hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher, inayouweka uumbaji mwaka 4004 KK, ilichapishwa mwaka 1650 tu.

Neno la Kiebrania ni yom. Katika sura ya kwanza lina maana ya mchana, kisha mchana na usiku kwa pamoja. Katika Mwanzo 2:4 linabeba kipindi chote cha uumbaji. Mswahili hana sababu ya kushangaa, kwani naye husema “siku hizi” bila kushika saa mkononi. Wala jioni kuitangulia asubuhi si jambo geni kwetu: kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi.

Tazama pia mpangilio. Nuru siku ya kwanza, mianga siku ya nne. Anga na maji siku ya pili, ndege na samaki siku ya tano. Nchi kavu siku ya tatu, wanyama na binadamu siku ya sita. Siku tatu za kujenga nyumba, tatu za kuwaingiza wakazi. Na siku ya saba, tofauti na nyingine zote, haitajiwi jioni.

Hapo ndipo ningependa tubishane zaidi. Kutoka 20 inaitumia siku hiyo kumpumzisha mtumwa, mgeni na hata mnyama. Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu: nanyi mlikuwa watumwa Misri. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ni wasichana wangapi wa kazi za nyumbani wanaozipata? Nimehudhuria midahalo iliyojaa ukumbi, watu wakigombea saa ishirini na nne za Mwanzo hadi usiku, huku langoni akiwapo mlinzi aliyeingia zamu tangu asubuhi, na kesho yake Jumapili alikuwa na zamu tena. Hakuna aliyemtaja.