Yanonge: mlango wa chuo kikuu unafungwa kabla ya matokeo kutoka

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitangazwa, vijana wa Yanonge, kama wenzao wa Kongo nzima, wanamiminiwa poda nyeupe kichwani. Wazazi wanaimba, majirani wanakuja kupongeza. Kelele zikiisha, swali linabaki katika nyumba: mtoto aliyepata asilimia 80 ataenda kusoma wapi?

Swali hilo linakuja kwa kuchelewa. Yanonge iko kando ya mto Kongo, karibu kilomita 60 kutoka Kisangani, katika teritware ya Isangi. Familia nyingi zinaishi kwa shamba, uvuvi na uchuuzi wa mtoni. Mtoto wa huko anafundishwa kwamba kazi yake ni moja: kupita mtihani wa serikali. Anaambiwa mengine yatafuata. Lakini kwa vyuo vikuu vinavyochagua sana, mengine hayafuati. Yanatangulia.

Mfano ni vyuo vikubwa vya Marekani, ambavyo vijana wengi wanaviota. Vingi vinafunga kupokea maombi mwanzoni mwa Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa sita Kongo bado yuko darasani, Exetat haijafanywa. Akingoja diploma ndipo atafute chuo, mlango wa mwaka huo umefungwa zamani. Na akianza chuo kingine akamaliza mwaka mzima, Harvard haimhesabu tena kama mwanafunzi mpya. Inamhesabu kama anayetaka kuhama, na nafasi za kuhama ni chache zaidi.

Kuna jambo la pili. Tangu Exetat ianze mwaka 1967, kila Mkongomani anajua maana ya alama zake: asilimia 50 inatoa diploma, 75 ni sherehe ya mtaa mzima. Mtu wa Marekani akisoma 75 bila maelezo anaweza kufikiri huyo ni mwanafunzi wa katikati tu. Prefe wa masomo akiandika barua fupi inayosema mtoto huyu ni wa kwanza kati ya wangapi, na kwamba katika shule hiyo hakuna aliyewahi kupita asilimia fulani, alama zilezile zinasomeka tofauti. Barua hiyo haidai pesa ya serikali. Inadai mtu anayejua kwamba inahitajika.

Ukweli mwingine usifichwe. Katika miaka hii ya karibuni, Harvard inapokea karibu watu 4 tu katika kila 100 wanaoomba. Wengi wanaokataliwa walikuwa wa kwanza katika shule zao. Hakuna mzazi wa Yanonge anayepaswa kuuza shamba kwa ajili ya ahadi ya mtu anayesema anaweza kupata nafasi huko. Chuo cha kweli hakiuzi nafasi kwa mjumbe. Harvard, Yale, Princeton na MIT vinachagua hata wanafunzi wa kigeni bila kutazama mfuko wa baba, na anayepokelewa anasaidiwa kadiri ya mahitaji yake. Vyuo vingi pia vinamsamehe maskini pesa ya kuomba. Mwenye kudai mamia ya dola ili «kufungua dosye» ni wa kuogopwa.

Je, mtoto wa kijiji anaweza kufika? Kenya imekwisha kujibu. Mwaka 2004, Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich 1972, na mwandishi wa habari Mmarekani John Manners, walianzisha mpango unaoitwa KenSAP kwa ajili ya watoto wa Bonde la Ufa. Walichukua waliofaulu sana mtihani wa taifa, wengi wao watoto wa wakulima, wakawakusanya Iten na kuwafundisha namna ya kuomba: kuandika insha, kujaza fomu, kujitayarisha kwa mitihani ya kuingia. Zaidi ya 100 wamepokelewa katika vyuo vikuu vya Amerika ya Kaskazini, Harvard na Yale vikiwa ndani. Akili walikuwa nayo tangu zamani. Kilichoongezwa ni mtu wa kuwaonyesha njia mapema.

Tshopo haihitaji kungoja mgeni aje kuanzisha jambo kama hilo. Na haihitaji kuanzia Marekani. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, kiko karibu, na kwa watoto wengi wa Yanonge huko ndiko watakakosoma. Hata huko, fakulte zinazotafutwa sana kama udaktari haziwezi kupokea kila mtu. Mtoto wa mji anajua masharti kwa sababu mjomba wake anapita pale kila siku. Mtoto wa Yanonge anayajua akishashuka kwenye boti na begi lake, na pengine pesa ya kurudi hana.

Kwa hiyo yafanywe mambo matatu, na hayana gharama kubwa. Chuo kitangaze masharti ya kila fakulte, pamoja na tarehe za mitihani ya kuingia, kabla ya mwaka wa masomo kuisha, na yasomwe kwenye redio kwa Kiswahili na Lingala. Mitihani hiyo ifanyike pia Isangi, ili safari isiwe mtihani wa kwanza. Na wasomi wazaliwa wa teritware, walioko Kisangani, Kinshasa au ng'ambo, kila mmoja achukue wanafunzi wawili wa mwaka wa nne, awafuate mpaka wa sita.

Wakubwa wa jimbo hupenda kupiga picha na mshindi wa Exetat. Picha hiyo inapigwa siku ambayo milango mingi imekwisha kufungwa. Wamtembelee miaka miwili kabla, akiwa bado hajulikani, wakiwa na karatasi ya tarehe mkononi.